Aliyeifundisha Programu Yangu Kukataa

Watu wa Korogwe walimwita Mpiga Chapa, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa mashine yenyewe ya kupigia chapa aliiacha zamani na kuhamia kwenye kompyuta. Jina lilibaki. Ukishuka basi ukauliza kwa Mpiga Chapa, hata muuza machungwa alikuelekeza, na kabla hujaondoka alikuangalia viganja, maana ilijulikana mji mzima kwamba yule mama hampokei mtu mwenye mikono michafu.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu zinazoandika nyaraka. Unaipa programu kiolezo, yaani karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi, unaipa na orodha ya watu na habari zao, na kabla chai haijapoa zimetoka hati mia mbili, kila moja na mwenyewe. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na wapo wanaonisifu kwamba programu zangu ni makini, hazipitishi kosa. Wakinisifu hivyo huwa naona haya kidogo, kwa sababu umakini ule si wangu. Ni wa mama mmoja aliyekuwa na duka la steshenari la chumba kimoja, ambaye mpaka leo hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Na kuna mwanamke Kang'ata ambaye shamba lake lilikuwa linampotea mikononi mwangu, likaokolewa na mama huyo. Kang'ata nitafika. Kwanza mumjue mwenyewe.

Nilifika Korogwe kwa ajili ya mradi wa hati za kimila za mashamba upande wa Handeni. Mafundi wa vipimo walikuwa wanapita vijijini, wanapima, wanajaza fomu, na mimi nilipewa kazi ya kuzigeuza zile fomu kuwa hati. Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba yake. Siku ya kwanza nilipita dukani kumsalimia mwenye nyumba, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kumsomea mteja barua. Mteja mwenyewe alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa digrii yake, na alikuwa anasomewa barua yake ya uhamisho kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilicheka moyoni. Nilidhani nimempata mama wa mbwembwe.

Haikuwa mbwembwe. Hakuna karatasi iliyotoka dukani mle bila kusomewa mwenyewe kwa sauti, akiwa amesimama mbele ya meza. Uwe hakimu, uwe mkulima wa mahindi kutoka Mazingara asiyejua kusoma, utasomewa. Akimaliza kusoma alikuwa na swali moja, halibadiliki: "Nani hayupo hapa?" Hakuuliza kama majina yameandikwa vizuri, wala kama maneno yamekupendeza. Alitaka kujua ni nani anayehusika na jambo hili na karatasi haimtaji. Nimewaona watu wakikuna vichwa kwa swali hilo. Nimemwona mzee mmoja aliyekuja na wosia uliokamilika, akakaa kwenye benchi la nje robo saa nzima, kisha akarudi ndani na kutaja binti aliyekuwa hajamtaja kwa miaka mingi.

Alikuwa na faili kubwa la kijani, na ndani yake vielelezo vya barua na mikataba, vyote kwa namba. Mkataba wa kuuziana shamba ulikuwa namba saba. Barua ya kuomba likizo ya uzazi namba kumi na mbili. Mtu akianza kueleza shida yake kwa kirefu, alimkata katikati: "Yako ni namba tisa. Kaa." Palipokuwa na nafasi ya kujaza aliweka nukta, na nafasi isiyojazwa aliipiga mstari kwa rula, kutoka mwanzo hadi mwisho, asije mjanja akaandika lake baadaye. Ule mstari wa rula ulijulikana mpaka mahakama ya mwanzo. Karani mmoja wa pale aliniambia kwamba karatasi ikija na mistari ile hawapotezi muda kuikagua.

Nilipoliona faili lile nilifurahi, nikamwambia, "Mama, kumbe tunafanya kazi moja." Nikamweleza programu yangu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo umekuja kuninyang'anya ugali wangu," akasema.

"Hapana Mama, mimi ni hati za mashamba tu."

"Leo mashamba. Kesho namba tisa. Haya, endelea."

Nikamweleza kwamba programu yangu haiiandiki hati yenyewe. Inapeleka kiolezo na data kwenye huduma fulani ya mtandaoni, kupitia kile tunachokiita API, na hati inarudi imekamilika. Sikujua namna ya kuieleza API, nikasema ni kama dirisha la ofisi: unasukuma fomu ndani, unapokea karatasi, hujui nyuma ya dirisha kuna nini. Dirisha alilielewa mara moja, alikuwa amesimama mbele ya madirisha hayo maisha yake yote.

"Na huyo wa dirishani," akauliza, "anamwona mtu aliyeleta fomu?"

"Hapana. Anaona data tu."

"Basi nimemhurumia, fundi." Tangu siku hiyo akawa ananiita fundi, na sijawahi kujua kama alikuwa ananiheshimu au ananitania.

Mtu mzima hakosi vituko, na yeye alikuwa navyo. Aliyekuwa mkali wa saa za kufungua duka, msibani alichelewa kila mara, mpaka majirani wakawa wanamtajia saa ya uongo, wanamtangulizia saa moja. Printa yake aliifunika kwa kitenge kizuri kuliko alivyovaa yeye. Na yeye aliyewahangaisha watu wote wa Korogwe kuhusu karatasi, nyumba yake mwenyewe haikuwa na karatasi hata moja. Alisema atashughulikia mwezi ujao, na mwezi ujao huo niliusubiri mpaka nikachoka kumkumbusha. Nilipomwuliza akanijibu kwamba fundi cherehani naye huvaa suruali iliyochanika. Hakukasirika.

Lakini uongo hakuuandika. Alikuja dereva mmoja anataka barua ya kuomba kazi, aandikiwe kwamba ameendesha mabasi makubwa, na mji mzima unajua ameendesha pikipiki. Aliahidi kulipa mara mbili. Mpiga Chapa akafungua faili la kijani, akapekua kurasa zote taratibu kuanzia namba moja, akalifunga. "Nimetafuta," akasema. "Kielelezo cha uongo sina." Yule kijana alitoka amenuna, akarudi baada ya wiki kuandikiwa barua ya kweli, na kazi akaipata, ya kuendesha gari dogo la kusambaza mikate. Nilijivunia siku ile kama vile mimi ndiye niliyemkatalia.

Sasa Kang'ata.

Katika kijiji kimoja cha huko nilitembea mwenyewe na wapimaji, maana nilitaka kuona data zangu zinatoka wapi. Tulifika kwa mzee mmoja mwenye wake wawili. Shamba lao lilikuwa kipande kimoja kirefu, na nusu ya kuelekea kijitoni ilikuwa imefyekwa na mke mdogo, kwa mikono yake, tangu ilipokuwa kichaka. Yule Bi Mdogo ndiye aliyenizungusha mpakani. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu wa maneno, anazungumza Kizigua na mumewe na Kiswahili na mimi. Tulipofika kijitoni akasimama.

"Mwanangu," akasema, "mimi kwetu ni Mazingara. Mzee akiondoka leo, ndugu zake wataniambia nirudi kwetu, shamba ni la ukoo. Mzee mwenyewe amekubali niandikwe. Niandike."

Nikamwambia nimemwandika. Na kweli nilikuwa nimemwandika. Kwenye fomu yalikuwepo majina matatu, na kwenye data yakaingia matatu, nilihakikisha kwa macho yangu.

Lakini kiolezo nilikuwa nimekitengeneza ofisini, kabla sijakanyaga Handeni. Nilikuwa nimeweka nafasi ya mmiliki, na chini yake nafasi ya mwenza. Nafasi moja. Nililelewa katika nyumba ya baba mmoja na mama mmoja, na kichwani mwangu nyumba zote zilikuwa hivyo. Programu ilipokuta wenza wawili na nafasi moja, ilifanya kile nilichoiambia: ikachukua wa kwanza, ikaendelea na safari. Haikulalamika. Hati zote zikatoka safi, zinang'aa, na nikazipeleka dukani kwa Mpiga Chapa kuzichapisha kwa sababu printa yake ilikuwa bora kuliko ya mradi.

Alipokuwa anazichapisha aliniuliza ni nani atazisoma. Nikamwambia hazisomwi, zinagawiwa. Kuna mgeni rasmi, kuna ratiba. Akazima printa.

"Basi na mimi nakwenda."

"Mama, ni mbali."

"Kang'ata si mwezini."

Bosi wangu wa mradi hakupenda, lakini hati zilikuwa dukani kwake na ufunguo anao yeye. Tukaenda naye, amekaa kiti cha mbele, boksi la hati kalipakata mapajani njia nzima.

Tulifika siku moja kabla. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema lakini wa haraka, akaomba azipige hati zote mihuri jioni ile ili kesho asichelewe. Mpiga Chapa alipinga, akazidiwa kura. Asubuhi, katika chumba cha darasa kilichojaa mpaka madirishani, hati zote zilikuwa na muhuri wa kijiji wa bluu, tayari kwa kugawiwa. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Bosi wangu akasema tuanze kuita majina. Mpiga Chapa akavuta dawati, akaketi, akavaa miwani, akaanza kusoma hati ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno, mipaka yote minne.

"Tutamaliza lini?" bosi akaninong'oneza.

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa naona haya kwa niaba ya Mpiga Chapa, na kwa niaba yangu.

Familia ya nne ilikuwa ya yule mzee. Wakasimama mbele ya dawati, mzee katikati, Bi Mkubwa kulia kwake, Bi Mdogo kushoto. Mpiga Chapa akasoma jina la mzee. Akasoma jina la Bi Mkubwa. Akasoma mipaka, akafika mwisho, akainua uso.

"Nani hayupo hapa?"

 Yeye hakungoja jibu, alikuwa ameshahesabu. "Mmesimama watatu," akasema. "Karatasi ina wawili."

Mzee akamgeukia mkewe.  Bi Mdogo alinitazama mimi, moja kwa moja, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia nimemwandika. Nikafungua kompyuta, nikaona majina yote matatu kwenye data, nikaona kiolezo na ile nafasi yake moja, nikaelewa kila kitu mara moja. Katika lile boksi kulikuwa na nyumba nyingi za namna ile. Wanawake wote wale wangerudi nyumbani na karatasi nzuri yenye muhuri inayosema hawapo, wengi wao wasiojua kusoma, na wangeitunza kabatini kwa furaha mpaka siku ya msiba. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mpiga Chapa alinitazama usoni kidogo tu. Nadhani aliona yote. Kisha yeye, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, aliyemkatalia dereva kwa uongo mdogo kuliko huo, akasimama na kutangaza kwa sauti ya dukani kwake:

"Jamani, hizi ni rasimu. Tumekuja kuwasomea ili mtwambie palipopungua. Hati zenyewe zinakuja. Tuendelee, familia inayofuata."

Akasoma rasimu zote. Mgeni rasmi alifika, akakuta hakuna cha kugawa, akatoa hotuba fupi na kuondoka na uso wa kuchacha. Bosi wangu hakuongea nami siku tatu. Mpiga Chapa alisoma mpaka sauti ikakauka, na kila familia aliiuliza swali lake, na mimi nilikaa pembeni naandika kila aliyekosekana.

Kwenye gari tukirudi alifumba macho, nikadhani amelala. Tulipoikaribia Korogwe akasema, "Nimedanganya watu wazima kwa ajili yako, fundi. Usinirudishe pale."

Nikaahidi kwamba nitarekebisha kiolezo, nitaweka nafasi za wenza kadiri ya walivyo, wawili, watatu, wanne.

"Hiyo ni nusu ya kazi," akasema. "Kesho utasahau mtu wa namna nyingine. Ifundishe kukataa."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mteja mgumu. Yeye akiona watu watatu na majina mawili, hachapishi. Anakaa. Hata ukimpigia kelele, anakaa. Dirisha langu linachukua fomu ya watu watatu na kutoa karatasi ya wawili, na linaona limefanya kazi. "Sasa hiyo yako, ijue kukaa," akasema.

Nikaifundisha. Ilinichukua siku chache tu, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kufanya. Kabla hati haijatoka, programu inaisoma tena, inatafuta ndani yake kila jina lililokuwa kwenye data, na ikikosa hata moja haitoi kitu. Sehemu hiyo ya programu nimeipa jina mpiga_chapa. Vijana wanaofanya kazi na mimi sasa, ambao wengine hawajawahi kufika Korogwe, hukuta ujumbe kwenye skrini, "Mpiga Chapa amekataa," wakaniuliza huyu ni nani. Huwa nawaambia ni mkuu wangu wa kazi. Wiki tatu baada ya kusomwa zile rasimu tulirudi Kang'ata, bila mgeni rasmi, na kila hati ikasomwa mbele ya wenyewe ndipo ikapigwa muhuri. Bi Mdogo aliposikia jina lake alijifuta uso kwa kanga, akaweka dole gumba, akaondoka bila kuniaga. Sikumlaumu. Lakini sikumfuata pia, sikumwambia kosa lilikuwa la nani. Ule uongo wa rasimu ulinipa mahali pa kujificha, nami nikajificha humo kwa miaka.

Mara ya mwisho nimemwona Mpiga Chapa ni mwaka huu, Magoma, kwa mdogo wake. Macho yamepungua nguvu, duka amelifunga. Nilipiga hodi mchana, nikasikia sauti ile ile, "Mikono misafi?" Nikaingia nikicheka. Ndani alikuwa na mgeni, ameketi mkekani anachekecha unga. Alikuwa Bi Mdogo.

Mumewe alikuwa amefariki. Ndugu walikuja, kama alivyosema pale kijitoni, wakamwambia afunge vitu vyake arudi Mazingara. Akaenda na hati kwenye baraza la kijiji. Mwenyekiti wa sasa akaisoma kwa sauti, majina yote matatu, na shauri likaishia hapo. Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama upande wake. Sasa alikuwa amesafiri kutoka Kang'ata, akibadilisha magari, kumletea Mpiga Chapa unga wa mahindi ya kijitoni. Mpiga Chapa alisimulia habari hiyo kwa kichwa juu, akainua mkono kunionyesha.

"Na huyu ndiye fundi aliyeiandika hati yako."

Ugali ulikuwa umeshapakuliwa, unga wa shamba lile. Nikanawa, nikamega tonge. Nikalirudisha.

"Mama," nikamwambia Bi Mdogo, "zile karatasi za kwanza hazikuwa rasimu. Zilikuwa hati zenyewe. Nilikwambia nimekuandika, na mimi ndiye niliyekuacha nje."

Bi Mdogo akamtazama Mpiga Chapa, kisha akanitazama mimi. Alionekana kama mtu anayejizuia kucheka mbele ya wakubwa.

"Rasimu haipigwi muhuri, mwanangu," akasema. "Muhuri wa bluu ule, kila karatasi. Darasa zima tuliuona."

Mpiga Chapa, aliyeamini miaka yote hiyo kwamba uongo wake mmoja ulipita, akabaki na mkono hewani.

"Mlijua?" akauliza.

"Wote, mama yangu. Hata watoto waliokuwa madirishani."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa umesimama mbele yetu unamsitiri mwanao," Bi Mdogo akasema. "Nani angekuvua nguo pale?" Akanisogezea bakuli la mboga, akaniambia nile, ugali unapoa.